Nani Atapanga Foleni kwa Ajili ya Kitabu?

Safari hii tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu jambo moja: je, kitabu kinaweza kuwatia watu kiwewe kama mechi, tamthilia ya runinga au wimbo mpya? Barua zilizokuja ni za aina mbili, za ubishi na za watu waliokwama kazini. Tumezifupisha bila kuzipunguzia ukali.

Wahariri, tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa. Fainali ya mpira inakesheza mamilioni ya watu. Filamu ikitoka watu wanapigana vikumbo mlangoni. Kitabu kikitoka nani anajua? Kusoma ni shughuli ya mtu mmoja na kiti chake. Hiyo shangwe mnayoitafuta itoke wapi?
*Mpenzi wa soka*

Turudi kwenye mechi yenyewe kwanza. Itazame kesho yake, peke yako, ukiwa umeshajua matokeo. Wachezaji ni wale wale, mabao ni yale yale, na utakuwa unasinzia kabla ya mapumziko. Kilichoondoka hapo ni kitu kimoja tu: watu wengi kutojua jambo lile lile kwa wakati ule ule. Shangwe yote ya uwanjani inaendeshwa na hilo, na hakuna sheria inayosema ni mali ya mpira peke yake.

Kitabu kikipewa nafasi hiyo, kinakimbia. Mwaka 1814 shairi refu la mshairi Mwingereza Byron liitwalo *The Corsair* liliuzwa nakala 10,000 siku ya kwanza, London, zama ambazo kitabu kilikuwa anasa ya wenye nacho. Miaka 40 kabla yake riwaya ya mwandishi Mjerumani Goethe kuhusu kijana Werther iliwafanya vijana wa Ulaya wavae koti la buluu na kizibao cha njano kama mhusika, mpaka mji wa Leipzig ukapiga marufuku kitabu pamoja na mavazi hayo. Na usiku wa kuamkia tarehe 21 Julai 2007, maduka ya vitabu yalifungua milango dakika moja baada ya saa sita usiku, watoto na wazazi wao wakiwa kwenye foleni tangu mchana, kwa ajili ya kitabu cha saba na cha mwisho cha Harry Potter. Ndani ya saa 24 Marekani peke yake iliuza nakala milioni 8.3, na Uingereza milioni 2.65.

Angalia jinsi ule usiku wa 2007 ulivyotengenezwa. Katoni zilifika madukani zimefungwa, na muuzaji hakuruhusiwa kuzifungua kabla ya saa iliyowekwa. Kila mtu alijua ni kitabu cha mwisho, na kila mtu alikuwa na swali lile lile: nani atakufa? Ungekitoa kitabu hicho hicho kimya kimya, duka hili Jumatatu na lile Alhamisi, kingeuzwa vizuri tu, ila foleni usingeiona.

Ulipo na haki ni hapa: kitabu hakina saa yake. Mechi ni dakika 90 kwa kila mtu. Riwaya ya maneno 80,000, kwa mwendo wa maneno 200 kwa dakika, ni saa 6 na dakika 40. Mmoja ataimaliza kwa siku mbili, mwenzake kwa miezi miwili. Wakikutana njiani hawana la kusema, kwa sababu mmoja anaogopa kuharibiwa utamu. Kwa hiyo anayetaka vurugu la vitabu kazi yake ya kwanza ni kukipa kitabu saa, na utaona barua nyingi zinazofuata zinalia tatizo hilo hilo hata kama waandishi wake hawalitaji.

Halafu kuna upande ambao mpira hauwezi kuufuata. Riwaya moja ya mwandishi wa Marekani, Colleen Hoover, ilitoka mwaka 2016. Miaka mitano baadaye wasomaji wa TikTok wakaanza kujirekodi wakiililia, nayo ikapanda kileleni mwa orodha za mauzo kama kitabu kipya. Mechi ya mwaka 2016 nani ataigombea leo?

Shikamooni wahariri. Natoa riwaya yangu kwa sehemu kwenye kundi la WhatsApp. Mwanzoni watu walikuwa hawalali, wanadai sehemu nyingine usiku wa manane. Sasa niko sehemu ya 34 na kundi limekuwa kama makaburini. Kila sehemu naimalizia kwa tukio la kushtua: ajali, bastola, mtu kuzimia. Nimekosea wapi?
*Mwandishi wa simulizi za mfululizo*

Marahaba. Kosa umelitaja mwenyewe, kwenye sentensi ya mwisho.

Mshtuko si swali. Sehemu ikiisha hivi: "Ghafla mlango ukapigwa teke. Binti akapiga ukelele," msomaji anaruka mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ameshajua kwamba aliyepiga teke ni jirani. Sasa tuseme katikati ya sehemu ile ile ulimwonyesha binti akiificha barua chini ya godoro, barua ambayo mama yake hapaswi kuiona kabisa. Ukamalizia hivi: "Mama akasema chumba kinanuka vumbi, akaanza kutandua shuka." Hakuna bastola wala damu, lakini hapo hakuna atakayelala. Msomaji anajua kilichopo, anajua kitakachotokea kikionekana, na hajui kama kitaonekana. Hayo matatu yakikamilika, shuka tu inatosha.

Pili, fungua daftari la madeni. Chora safu tatu: swali, sehemu lilipofunguliwa, sehemu lilipojibiwa. Nani baba wa mtoto? Lilifunguliwa sehemu ya 3, halijalipwa. Fedha zilipotelea wapi? Sehemu ya 7, halijalipwa. Tuna hakika kwa sehemu 34 utakuta umekopa maswali kumi na zaidi na kulipa mawili. Msomaji ni kama mwenye duka: anakukopesha wiki ya kwanza na ya pili, ya tatu anakukwepa. Maswali makubwa yaliyo wazi yasizidi matatu kwa wakati mmoja. Kila sehemu ilipe deni moja dogo, na kila baada ya sehemu tano au sita ulipe kubwa moja, kisha ndipo ufungue jingine. Shahrazad wa *Alfu Lela Ulela* anasifiwa kwa kukata hadithi alfajiri. Wanaomwiga husahau kwamba usiku uliofuata alianza pale pale na kujibu.

Urefu nao una mipaka yake. Maneno 1,200 hadi 1,500 ni dakika sita mpaka nane za kusoma kwenye simu, muda wa kusubiri kitu au kunywa kikombe cha chai. Chini ya 700 watu wanahisi wameibiwa. Ukipita 2,000 wanasema "nitaisoma baadaye", na hiyo baadaye ndiyo inayokula wasomaji, maana sehemu mbili zikilundikana hazisomwi tena. Muhtasari wa "tulipoishia" usizidi sentensi mbili.

Siku na saa zisibadilike. Mara mbili kwa wiki, tuseme Jumanne na Ijumaa saa mbili usiku, ni bora kuliko kila siku kwa wiki mbili kisha kimya. Kabla ya kuanza riwaya yoyote kuwa na akiba ya sehemu nane zilizokamilika: hizo ni wiki nne za kuugua, kusafiri au kukwama. Wengi huanza na akiba ya sehemu mbili. Wakikwama sehemu ya tisa wanaanza kuandika usiku ule ule wa kutuma, na hapo ndipo bastola zinapoingia, kwa sababu bastola ndiyo inayoandikika haraka.

Na hii iliyokwisha kuzimika? Inafufuka. Mwaka 1836 Charles Dickens, kijana wa miaka 24, alianza kutoa *The Pickwick Papers* kwa vijitabu vya kila mwezi. Cha kwanza kilichapwa nakala 1,000 na mauzo yakawa dhaifu. Kwenye kijitabu cha nne akaingia mtumishi mwenye mdomo mwepesi, Sam Weller, anayezungumza tofauti kabisa na mabwana wanaomzunguka. Kufikia mwisho vilikuwa vinauzwa kama nakala 40,000 kila mwezi. Fanya hivyo: ingiza mtu mmoja ambaye msomaji akifunika jina lake bado atamtambua kwa maneno yake. Tukio husahaulika, mtu habanduki. Mwandishi Conan Doyle alimuua mpelelezi wake wa hadithini, Sherlock Holmes, Desemba 1893 akidhani amemalizana naye, wasomaji wakawaka. Mwaka 1901 akaanza kutoa kisa kingine cha mpelelezi huyo, kilichopangwa kuwa kabla ya kifo chake, na mwaka 1903 ikambidi amfufue kabisa.

Jambo la mwisho, na ulifanye leo: tangaza idadi iliyobaki. "Zimebaki sehemu 10." Vijitabu vile vya Dickens vilipangwa tangu mwanzo kuwa 20, cha 19 na cha 20 vikatoka pamoja, kwa hiyo mnunuzi alijua safari ina mwisho. Mtu ambaye hajui kama umebakiza sehemu 5 au 500 hana sababu ya kubaki. Hata uwanjani wanaotoka mapema ni wachache zikibaki dakika kumi na mabao yakiwa sare.

Filamu ikitengenezwa kutokana na kitabu, si ndiyo mwisho wa kitabu?
*Msomaji wa kila toleo*

Kinyume chake, filamu kwa kawaida hukiamsha, ndiyo maana wachapishaji hukimbilia kukitoa upya na sura za waigizaji kwenye jalada. Ukurasa mmoja wa mswada wa filamu huhesabiwa kuwa kama dakika moja, hivyo filamu ya saa mbili ni kurasa 120 zenye nafasi nyingi nyeupe. Riwaya ya kurasa 400 haiwezi kuingia humo bila kukatwa mikono na miguu, na ubishi wa "mbona yule dada hayumo?" ni tangazo la bure.

Tulizindua kitabu cha mwenzetu. Watu 150 walikuja, wakala, wakapiga picha, wakapiga makofi. Zikauzwa nakala 19. Tatizo ni watu au ni kitabu?
*Kamati ya uzinduzi*

Ni ratiba yenu. Mmeiambatanisha na barua, na tumeihesabu: hotuba saba, mwandishi amewekwa wa nane, kitabu chenyewe hakikusomwa hata mstari, na meza ya mauzo imewekwa nyuma ya ukumbi ikafunguliwa "baada ya neno la shukrani". Saa hiyo mgeni anafikiria usafiri wa kurudi nyumbani.

Kitu cha kuwatia watu hamu ya kitabu ni kitabu. Tengenezeni shughuli ya dakika 50 badala ya saa tatu: dakika 5 za kukaribisha, 7 za mwandishi kusoma, 20 za mazungumzo kati yake na mtu mmoja aliyekisoma kweli, 5 za kusoma kipande cha pili, 10 za maswali, na kama lazima mgeni wa heshima aseme, aseme dakika 3. Kisha saini.

Kipande cha kusoma ndicho kinachoharibiwa na wengi, kwa hiyo tukikalie kidogo. Kwa Kiswahili msomaji mzuri jukwaani huenda maneno 110 hadi 120 kwa dakika. Dakika 7 ni kama maneno 800, si zaidi. Kitoke kwenye theluthi ya kwanza ya kitabu, kiwe na watu wawili wanaozungumza, na kisihitaji utangulizi unaozidi sentensi mbili. Mkianza kueleza "huyu ni shemeji wa yule tuliyemwona sura ya pili," badilisheni kipande. Kikishachaguliwa, kipunguzeni kwa kalamu: futeni kila "alisema" ambayo sauti inaweza kuibeba, futeni na maelezo ya mandhari yanayochelewesha. Jukwaani hakuna anayelinganisha na kitabu. Kichapeni kwa herufi za ukubwa wa 16, kwenye karatasi zisizobanwa pini, ili iliyosomwa isogezwe kando bila kupiga kelele. Kipaza sauti kiwe shibiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo. Kikiwa mbele kabisa, kila "p" na "b" inalipuka kama tairi. Kipande cha pili kiishie kabla ya jibu. Msomaji akifika pale afunge kitabu, aseme asante, akae. Asieleze.

Meza ya kitabu iwe mlangoni, ambapo kila mtu atapita mara mbili, na iwe wazi tangu mgeni wa kwanza anapoingia. Wekeni watu wawili, mmoja wa fedha na mmoja wa nakala. Mtu mmoja akifanya yote, foleni inasimama na watu wanaondoka. Saini ihesabiwe dakika moja na nusu kwa mtu, kwa hiyo watu 60 ni dakika 90 nzima. Mtu wa tatu apite kwenye foleni na vikaratasi, kila mnunuzi aandike jina la kuwekewa kwenye saini, maana mwandishi akianza kuuliza "ni kwa h au bila h?" mmepoteza nusu saa. Saini iwekwe kwenye ukurasa wenye jina la kitabu, ambao kwa kawaida ni karatasi isiyong'aa. Kalamu ya jeli kwenye karatasi inayong'aa haikauki upesi, na kitabu kikifungwa saini inajichapa ukurasa wa pili.

Na viti: mkitarajia 150, pangeni 110, vilivyobaki vilundikwe nyuma. Kuongeza viti watu wakiwa wameshafika kunachangamsha ukumbi. Viti vitupu vya mbele vinamzima hata msomaji hodari.

Sisi vijana watano tunataka kutoa hadithi kwa vijitabu vya kila mwezi, kurasa 32, kwa printa ya kawaida. Kurasa zinatoka zimevurugika, upande wa pili unasimama kichwa chini, na jalada linapasuka likikunjwa. Tusaidieni.
*Kundi la wachapaji wadogo*

Karatasi nane za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 32 za A5. Kanuni ya kupanga ni hii: kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi, ukizijumlisha lazima upate 33. Karatasi ya nje kabisa ina 32 na 1 upande mmoja, 2 na 31 upande wa pili. Inayofuata ina 30 na 3, kisha 4 na 29. Ya ndani kabisa ina 18 na 15, na ukiigeuza, 16 na 17. Programu nyingi za kuchapia zina chaguo la kijitabu linalofanya hesabu hii lenyewe. Kurasa zenu zimevurugika, bila shaka, kwa sababu mlizipanga kwa mkono halafu mkawasha na chaguo hilo. Chagueni moja.

Upande wa pili kusimama kichwa chini maana yake printa inageuza karatasi kwa ukingo mrefu. Wekeni igeuze kwa ukingo mfupi. Jaribuni na karatasi moja kabla ya kuchapa 50.

Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Hadithi ikiishia ukurasa wa 30, hizo mbili zilizobaki msiziache tupu: moja iwe ya tarehe ya kijitabu kijacho, nyingine ya sentensi tatu za kwanza za sehemu ijayo.

Jalada la karatasi nzito (ya gramu 200 kwa mita ya mraba) linapasuka kwa sababu mnalikunja kinyume cha nyuzi za karatasi. Chukueni karatasi moja, mwipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Mpindo unaokubali kirahisi ndio unaokwenda sambamba na nyuzi, na mkunjo wa jalada uufuate huo. Kabla ya kukunja, pitisheni mgongo wa kisu kando ya rula ili kuacha mfereji mwembamba. Pini ziwe mbili, kila moja sentimita 5 kutoka mwisho wa mgongo, zipigwe kutokea nje ili ncha zijifunge ndani. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi; inahitajika yenye mkono mrefu. Msipoipata tumieni sindano na uzi: toboeni matundu matatu kwenye mkunjo, ingieni tundu la kati kutokea ndani, rudini ndani kwa tundu la juu, vukeni kwa ndani hadi la chini mtoke nje, rudini ndani kwa la kati, mfunge ncha mbili juu ya ule uzi mrefu. Ni imara kuliko pini na haupati kutu.

Mkishakunja mtaona kurasa za kati zimechomoza nje karibu milimita moja. Ni unene wa karatasi zenyewe, si kosa lenu. Kateni ukingo baada ya kubana, kamwe si kabla, na maandishi yakae angalau milimita 12 kutoka ukingo huo ili kisu kisiyaguse.

Klabu yetu ya kusoma ina watu 26. Kitabu kimoja kwa mwezi. Wanaomaliza ni watano, wengine wanakuja kusikiliza. Na kuna mwenzetu humaliza siku ya pili, akamwaga mwisho wote kundini. Tumfukuze?
*Katibu wa klabu*

Msimfukuze, mpeni kazi. Tutafika kwake.

Watu 26 hawawezi kuzungumza, wanaweza kuhudhuria tu. Gawanyeni meza tatu za watu wanane au tisa, wote kitabu kimoja. Kisha acheni kusema "kitabu kimoja kwa mwezi" na kukutana mwisho wake. Hilo ndilo linalofanya watu 21 waanze kusoma tarehe 27. Kitabu cha kurasa 320 kikateni vituo vinne, kila wiki kituo, na visiwe sawa: 70, 90, 90, 70. Cha kwanza kifupi kwa sababu kuingia kwenye kitabu ni kugumu, majina bado yanagongana. Cha mwisho kifupi kwa sababu watu watakisoma kwa usiku mmoja. Kituo kiangukie mwisho wa sura ambayo imeacha jambo wazi, hata kama hesabu itasogea kurasa tano huku au kule. Kurasa 90 kwa wiki ni 13 kwa siku. Ukurasa ukiwa na maneno 280 hivi, ni dakika 18. Wambieni wanachama dakika, msiwaambie kurasa. Kila mtu anajua zilipo dakika zake 18.

Kundini fungueni mada kwa kituo: "mpaka ukurasa wa 70". Asiyefika asifungue, aliyepita asitaje.

Huyo mwenye mbio awe mtunza utabiri. Kila mwisho wa kituo kila mwanachama anampa karatasi yenye jina lake na jibu la maswali mawili: nani anasema uongo, na nini kitatokea. Yeye anajua majibu yote, anazipokea bila kukunja uso, anazifunga kwenye bahasha hadi siku ya mwisho. Anayejua siri na kuaminiwa nayo hana tena hamu ya kuitangaza. Bahasha zikifunguliwa kelele zitasikika nje.

Mkitaka kwenda mbali zaidi, kubalianeni kwamba kurasa nane za mwisho hakuna azisome nyumbani. Zisomwe kwa sauti, wote mkiwepo, wasomaji wakipokezana kila ukurasa. Kuna watakaodanganya. Nyuso zao zitawaumbua.

Kusikiliza kitabu cha sauti ni kusoma, au ni kujidanganya?
*Msikilizaji*

Hadithi umeipata, basi. Jihadhari tu na kuongeza kasi: ukipita mara moja na nusu, mzaha unaotegemea kunyamaza kidogo kabla ya neno unakufa. Kwa Kiswahili hasara ni kubwa zaidi, maana kitenzi kimoja kama "hatukukuambia" kina mtenda, mtendwa, wakati na ukanushi, na silabi moja ikimezwa maana inageuka.

Nina nakala moja ya riwaya nzuri na wanafunzi 40. Wote wanataka simu, hakuna anayetaka kitabu. Nianzie wapi?
*Mwalimu wa lugha*

Nakala moja ni bahati yako, kwa sababu wote watalazimika kuwa ukurasa mmoja. Wasomee kwa sauti dakika 10 kila siku ya shule, saa ile ile, mwisho wa kipindi badala ya mwanzo, ili kengele ndiyo ikate hadithi. Dakika 10 ni kama maneno 1,100. Riwaya ya maneno 60,000 itakuchukua vikao 55, yaani wiki 11. Isome kwanza mwenyewe na uweke alama ya penseli kila mahali pa kuishia, usitegemee bahati. Usiulize maswali ya mtihani baada ya kusoma, na usieleze maneno magumu zaidi ya mawili kwa kikao; yanayobaki watayaotea. Wiki ya kwanza watapiga kelele. Usisimame kuwanyamazisha, shusha sauti tu uendelee, walio nyuma watawanyamazisha wenyewe wakianza kupitwa. Siku ukiwa na dharura usimpe mwenzako asome bila kumwonyesha alama, atapita pale pa kukatia na utapoteza kazi ya siku tatu. Na nakala ifungie kabatini. Ukiiacha mezani Ijumaa kuna mmoja atakayeondoka nayo chini ya shati, na Jumatatu darasa zima litakuwa linajua mwisho.